Ushauri: Ngumi zetu kwenye kamera ni kama tunafukuza mbu, bajeti laki na nusu

Kijana wa Mabatini
Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, tuko vijana saba tunapiga karate pamoja huku Mabatini, tumeamua kutoa filamu fupi ya mapigano, dakika kumi na mbili hivi. Mfukoni kuna laki moja na nusu na simu tatu, moja ndo ina kamera ya maana. Jumamosi tukapanda mawe ya Capri Point tukarekodi toka asubuhi mpaka jua linazama, tumerudi geto hoi tunaangalia aisee ni aibu. Ukisimama pale unaona kabisa jamaa wanazichapa ila kwenye video ngumi hazifiki, na tulikuwa tunapiga kwa spidi kweli kweli! Afu mwisho nataka stelingi na adui wapigane ndani ya ziwa, maji kiunoni, kule Luchelele. Tunakosea wapi? Msiniambie ninunue kamera.

sangara_mkavu
Nimekaa hapa na dagaa zangu nasubiri wajuzi

Mzee wa Dojo
Kijana, shida ni hiyo spidi unayojisifia. Dojoni tunafundishwa ngumi itoke fupi, inyooke, mwenzio asiione. Kwenye filamu ni kinyume, mtazamaji lazima aione inatoka begani, inazunguka, inatua. Pangeni mapigo matano au sita basi kata, sio thelathini kwa mkupuo mtu anasahau anaanza kupigana kweli. Fanyeni kwa mwendo wa kinyonga mpaka miguu izoee ndo muongeze. Na fundi hasa ni yule anayepigwa, kichwa kigeuke ngumi ikiwa inapita, akiwahi anaonekana kapigwa na jini. Halafu hakuna kurusha kitu kabla hamjaangaliana machoni. Hela yenyewe weka kwenye chakula na godoro la sponji la kuangukia, mtu mwenye njaa ndo anavunja wenzie meno.

Fundi wa Kirumba
Mzee kamaliza upande wake, mi nabet kamera mliiweka ubavuni, wote wawili mnaonekana kwa pembeni. Hapo lile pengo la ngumi na shavu liko wazi. Ihamishie nyuma ya bega la anayepiga, au nyuma ya anayepigwa, ngumi ikatize mbele ya uso, hata ikipita futi nzima kwenye video imegonga maana kamera ina jicho moja haijui umbali. Pia fungeni mpangilio wa mwanga kwenye simu usijibadilishe, simu ikiachiwa ijiamulie kwenye jua kali shata (muda kamera inaofungua jicho kwa kila picha) inakuwa ya haraka mno na mikono inakatakata kama roboti, ipunguzeni kuelekea 1/200 ya sekunde kadiri mwanga utakavyoruhusu. Na hiyo ya asubuhi mpaka jioni ndo imewamaliza, shot hii kivuli kushoto, ya pili kulia! Anzeni saa kumi jioni, jua linashukia upande wa ziwa, liwe mgongoni mwa wapiganaji. Usiku na taa pembeni ya maji msithubutu, wadudu wa ziwani watawajaa mpaka mdomoni.
Kuhusu hela usiogope, Nabwana, yule mtengeneza filamu wa mtaa wa Wakaliga hapo Kampala, alitoa filamu ya mapigano 2010 na bajeti inatajwa dola 200 tu, damu wanatia rangi kwenye kondomu wanaipasua.

Dada wa Editing
Hamjagusa sauti na ndo nusu ya ngumi. Piga kofi juu ya koti la ngozi la mtumba, mfupa ukivunjika ni bua kavu la muhindi, teke ni kanga unaichapa hewani. Rekodi umejifunika blanketi, boda zisiingie. Na usirudie sauti moja filamu nzima, tutakusikia. Kwenye kukata, kata pale ngumi inapotua, shot inayofuata irudie fremu mbili tatu za pigo hilohilo, wa Hong Kong wamekula sana hapo. Ukiongeza spidi mwisho asilimia 110, zaidi ya hapo ni katuni.

mvuvi_mstaafu
Hiyo ya kusimama majini kiunoni futa mwanangu. Ziwa letu lina kichocho, hasa pale penye nyasi na konokono, na mkishinda humo siku nzima mnarudiarudia mtakuja kuharisha damu ambayo sio ya rangi. Mamba nao wapo. Piganeni mchangani, mtu akae juu ya jiwe awamwagie maji ya bomba kwa ndoo.

bodaboda_nyegezi
Mwambie na mwenyekiti wa mtaa jamani, sie tulirekodi usiku Igoma bila taarifa, mama mmoja akapiga yowe la mwizi, dakika mbili sungusungu hao na fimbo. Stelingi alikimbia wa kwanza. Na kama mtaionyesha kwa watu ulizieni kibali Bodi ya Filamu.

Kijana wa Mabatini
Asanteni sana wazee wangu. Nimejaribu sa hivi uani na dogo, simu nyuma ya bega, ngumi imepita mbali kabisa na kwenye video kadondoka kweli, mama kaona kwa dirishani katoka na mwiko ikabidi nimuonyeshe simu. Mzee wa Dojo, mateke je, nayo yazunguke au yanyooke? Jumapili saa kumi tunarudi Capri Point, ndoo ninayo.