Nimerudisha ruta hali ya mwanzo, ufunguo wa fundi bado umo ndani!

Jamani, nina hasira. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi mmoja wa Mwembe Tayari ruta yangu aitie OpenWrt, mfumo huria unaochukua nafasi ya ule uliokuja na ruta. Nyumba yetu hapa Majengo ina wapangaji sita na intaneti ni moja, nikataka SQM, kipengele chake cha kupanga foleni ya intaneti, iigawe kwa haki, mmoja akipakua filamu wengine wasikwame. Nikamlipa shilingi 2,500. Ilifanya kazi, kwa hilo simsingizii.

Juzi stima ilipopotea na kurudi, nikaingia kwenye ruta kukagua mipangilio. Ndani ya /etc/dropbear/authorized_keys nikakuta ufunguo wa SSH (njia ya kuingia na kuiongoza ruta ukiwa mbali) ambao si wangu. Na kwenye firewall, ukuta wa kuzuia wageni, poti 22 (mlango wa SSH) imefunguliwa upande wa intaneti, upande ambao OpenWrt yenyewe huja imeufunga! Nikafuta vyote, kisha kwa kuhakikisha nikapiga firstboot, amri ya kurudisha ruta hali ya mwanzo, na kuiwasha upya. Vikarudi vyote viwili. Kutazama /rom, mfumo kama ulivyosakinishwa, ndipo nikaelewa: alivipika ndani ya imeji, lile faili la mfumo mzima alilolitia kwenye ruta. Image Builder, zana ya OpenWrt ya kutengenezea imeji, inakuruhusu kutia mafaili yako kwa FILES=, yakakaa kwenye squashfs, tabaka la chini lisiloandikika. Firstboot hufuta tabaka la juu tu.

Nikampigia. "Kaka, hiyo ni ya kukusaidia ukikwama." Mbona hukuniambia? Mle mnapita mambo ya familia sita, na mama wa chumba cha pili anapokea oda zake zote za vitumbua humo humo. Nani alikupa ruhusa?

Nikamwomba msimbo wa programu alizoniwekea, akasema ni siri ya biashara. Siri gani? OpenWrt iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Kuuza auze, lakini mteja aliyekabidhiwa imeji ana haki ya msimbo wake.

Jana usiku nimejitengenezea yangu. Image Builder haijengi msimbo upya, inapanga tu vifurushi vilivyo tayari, kwa hiyo ni dakika chache: PROFILE (modeli) ya ruta yako, PACKAGES="luci luci-app-sqm" (kurasa za mipangilio na SQM), basi. Nikaisakinisha kwa sysupgrade -n, mipangilio yake isibaki hata chembe.

Kama na wewe ulifanyiwa kazi na fundi, ingia kwenye ruta kwa SSH uandike hii sasa hivi:

cat /rom/etc/dropbear/authorized_keys

Ukikuta kitu, niambie hapa. Nawe fundi, najua unasoma: nataka 2,500 yangu, na uwapigie simu wateja wako wote uwaambie ulichowawekea.