Albamu ya rap ya mwaka wako: uliipata wapi, na ilikufanya nini? Tupeane uzoefu

Mzee wa Upande B

Kila ikifika katikati ya mwaka watu huanza kutoa orodha za albamu bora za rap zilizokwisha kutoka tangu Januari, nami huzisoma zote, hata zile ambazo ni dhahiri kwamba mwandishi alisikiliza nyimbo mbili za mwanzo akalala. Juzi nimesoma moja yenye albamu 25, nikajikuta nimerudi mwaka 2001, ambao kwa rap ya Kiswahili hauhitaji orodha ndefu kiasi hicho, kwa kuwa tatu zinatosha. Mwaka huo Professor Jay alitoa Machozi, Jasho na Damu, albamu yake ya kwanza ya peke yake baada ya kazi ya kundi la Hard Blasters. Juma Nature wa Temeke akatoa Nini Chanzo, na kule Nairobi Kalamashaka wa Dandora wakatoa Ni Wakati.

Hiyo ya kwanza niliinunua kwa shilingi 1,000 nje ya kituo cha mabasi cha Ubungo, na kwa kuwa fedha hiyo ndiyo iliyokuwa nauli yangu, nilitembea kwa miguu hadi Mwananyamala nikiwa nimeishika kanda mkononi kama mtu aliyebeba yai. Marehemu baba alikuwa akiita rap kelele za wahuni. Siku hiyo alikuwa barazani akichambua mchicha, ukafika wimbo wa Ndio Mzee, ule wa mgombea anayemwaga ahadi na wananchi wanaitikia kila kitu, akaacha mchicha akasema, "Hebu irudishe hiyo, huyo bwana nilimwona mkutanoni." Niliirudisha mara nne. Hatukuwahi kuzungumza kuhusu muziki kabla ya hapo.

Kwa hiyo naomba kila mmoja achague mwaka wake, ataje albamu moja ambayo angeiweka juu ya nyingine zote, kisha aeleze aliipataje. Orodha tupu siitaki.

Temeke Mwisho

Mzee, umeanza vizuri ukaharibu kwa kuipa nafasi ya kwanza albamu ya Jay. Mwaka 2001 ni wa Nini Chanzo, na asiyekubali hakuwa akiishi upande wetu wa mji.

Dada wa Buruburu

Nimeshtuka kuona Ni Wakati imetajwa na Mtanzania bila kusukumwa. Mimi niliipata kwa kaka yangu, ambaye alikuwa makanga, yaani kondakta, wa matatu ya njia namba 58, na ambaye alikuwa na desturi ya kuleta nyumbani kanda zilizochoka kwa kuchezwa kutwa nzima. Ilikuwa imelegea kiasi kwamba sauti zao zilikuwa nzito kuliko zilivyo kwa kweli, na niliposikia nakala nzuri miaka mingi baadaye, nilidhani ni vijana wengine. Kwangu ndiyo albamu ya mwaka huo, kwa sababu hadi wakati ule redio zetu zilikuwa zikituzoesha kwamba rap ni kitu cha Marekani na kwamba Dandora ni jina la jalala tu.

Vina na Mizani

Nakubaliana na dada hapo juu, neno kwa neno.

Kisomo

Naomba kuuliza kwa heshima: hivi Juma Nature ni mchanaji, yaani rapa, au ni mwimbaji? Ninaipenda Nini Chanzo, lakini mtu anayevuta sauti kama yule, akalia katikati ya ubeti na kuimba viitikio vyake mwenyewe, sijui kama tunamtendea haki tukimweka kwenye mizani moja na Jay, ambaye kazi yake ni kupanga hoja mstari kwa mstari.

Temeke Mwisho

Ndugu Kisomo, hilo ni swali la mtu aliyesomea muziki kwenye kamusi. Mpango wa hoja ni mzuri bungeni, na ndiyo maana Jay mwenyewe alikwenda huko mwaka 2015 kuwakilisha Mikumi. Nature alikuwa akichana kwa namna watu wanavyogombana kwenye foleni ya maji.

Kisomo

Nimepokea tusi lako kwa moyo mweupe, ila hujanijibu.

Vina na Mizani

Wakati mnagombana, mimi naomba mwaka 2004. Fid Q wa Mwanza alitoa Vina Mwanzo, Kati na Mwisho, na jina hilo pekee lilinifanya nirudi kwenye daftari la ushairi nililolichukia shuleni. Mwalimu wetu alikuwa ametueleza vina vya kati na vya mwisho kwa muhula mzima bila mtu yeyote kuelewa, kisha akaja kijana na kanda moja tukaelewa kwa siku mbili. Niliiazima kwa rafiki na sikuirudisha. Kama anasoma hapa, aniwie radhi. Mwaka huo huo pia kulikuwa na Maasai Hip Hop ya X Plastaz wa Arusha, na Nairobi ilikuwa na Kilio cha Haki, iliyowakusanya vijana wengi wa Eastlands. Kwa hiyo sielewi kwa nini kila mtu anang'ang'ania 2001.

Mtoto wa Pangani

Sikupanga kuandika, lakini hili neno "kanda" limenigusa mahali pabaya. Albamu ninayotaka kuisimulia hamtaijua, kwa sababu niliirekodi mimi mwenyewe.

Tulikuwa vijana watatu wa Pangani. Tulirekodi nyimbo kumi kwenye studio ndogo Tanga mjini, tukilipa wimbo kwa wimbo, na fedha za nyimbo nne za mwisho zilitoka kwa bibi yangu, aliyeuza nazi za msimu mzima akanikabidhi noti zikiwa zimefungwa kwenye ncha ya kanga. Hakuniuliza rap ni nini. Aliuliza tu kama jina lake linaweza kutajwa, nikamwahidi kwamba litatajwa, na nikaliandika kwenye ubeti wa mwisho wa wimbo wa mwisho, kwa kuwa kwa akili yangu ya wakati ule mahali pa heshima ni pa kufungia.

Mwaka 2003 tulipeleka kazi hiyo kwa msambazaji mmoja pale Kariakoo. Alisikiliza kila wimbo kwa muda usiozidi wa kuwasha sigara, huku akihesabu fedha za watu wengine, akatupa shilingi 400,000 kwa albamu nzima pamoja na karatasi ya Kiingereza ya kutia sahihi. Tulitia sahihi wote watatu, na mmoja wetu, ambaye simlaumu, alimshukuru. Kanda ilipotoka ilikuwa na jina ambalo hatukulichagua na picha ya gari ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulipanda. Hayo yote niliyameza.

Lililonishinda ni jioni niliyomletea bibi nakala. Aliazima redio ya jirani, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akawaita na wenzake wawili wa chama cha kuzikana. Upande A ukaisha, tukageuza. Wale wazee walisikiliza rap kwa dakika karibu hamsini na kitu, wakitikisa vichwa kwa adabu, wakisubiri jina. Ukaanza wimbo wa mwisho, ukaingia ubeti wangu wa pili, na katikati ya neno "aliyeni—" kitufe kikaruka: taa! Kanda imekwisha. Albamu yetu ilikuwa ndefu kuliko kanda ya dakika 60, na aliyenakili hakujali kilichobaki nje.

Bibi alingoja kidogo, kisha akasema, "Geuza tena, mwanangu, labda liko upande ule mwingine na mimi nilipitiwa."

Niligeuza. Tulisikiliza upande A wote tena. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Dada wa Buruburu

Nimesoma hii nikiwa kazini na imenibidi nitoke nje.

Temeke Mwisho

Kaka, pole sana. Mjadala wa Nature nauahirisha.

Fundi Redio

Pole, ndugu yangu, lakini naomba ufafanuzi wa kifundi, kwa kuwa nimefungua redio nyingi na nimeona mengi. Kanda ya 60 ina dakika 30 kila upande na mara nyingi huongezwa kidogo kwa tahadhari. Nyimbo kumi za rap za wakati ule, zenye dakika nne na nusu kila mmoja, zilipaswa kutosha kabisa. Je, una uhakika haikuwa redio iliyokata?

Mtoto wa Pangani

Fundi, swali lako ni la haki. Nyimbo zetu zilikuwa ndefu, nyingine zikifika dakika saba, kwa sababu tulikuwa watatu na kila mmoja alitaka beti mbili. Nakala niliyoisikia baadaye kwenye basi la Tanga ilikatika palepale, kwenye neno lilelile. Nilimuuliza kondakta hao ni kina nani, akanijibu kwamba ni watoto wa Mbeya.

Vina na Mizani

Watoto wa Mbeya!

Kisomo

Bwana Mtoto wa Pangani, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwa imekwisha kupitishwa tangu 1999, na COSOTA, chombo kinachosimamia hakimiliki Tanzania, imeundwa chini ya sheria hiyo hiyo. Itafute karatasi mliyotia sahihi, umpelekee mwanasheria aisome, kwa sababu kuuza nakala za kanda na kuuza haki zote za kazi ni mambo mawili tofauti. Usichoke kabla ya kuanza.

Temeke Mwisho

Karatasi ya mwaka 2003, iliyoandikwa Kiingereza, na msambazaji ambaye pengine siku hizi anauza vigae? Achana na mambo ya mahakama, kaka. Rekodi upya ubeti ule mmoja, uutoe peke yake, na jina la bibi uliweke mwanzoni kabisa, mstari wa kwanza, pasipo na kanda wala fundi anayeweza kulikata.

Vina na Mizani

Mimi nashauri kinyume. Usirekodi upya. Sauti ya mtu wa miaka ishirini haiigizwi na mtu wa miaka arobaini na ushee, utajisikia unamwigiza mwanao. Tafuta rekodi ya awali kwa mwenye studio.

Fundi Redio

Studio ndogo za wakati ule zilikuwa zikifuta na kurekodi juu ya kazi za watu mara tu wakishalipa. Usimpe mwenzako matumaini ya bure.

Mtu wa Playlisti

Nimechelewa, na nimeona mada imehama, ila naomba niseme kwamba hasara hii isingetokea leo. Leo albamu ina nyimbo 22, hakuna kinachokatika, na msanii anatoa kazi mwenyewe. Kama mnataka albamu za kweli za kusikiliza nzima, rudini kwenye Testimony 1990 ya Khaligraph Jones ya mwaka 2018, au Victims of Madness ya Wakadinali ya 2020, kisha mje na hizo kanda zenu.

Mzee wa Upande B

Hizo mbili nazikubali na nimezisikiliza hadi mwisho, hasa hiyo ya Wakadinali, ingawa nusu ya Sheng yake ilibidi nitafsiriwe na mpwa wangu aliye Nairobi. Lakini hapo kwenye nyimbo 22 ndipo tunapoachana. Kanda ilimlazimisha mtu kuchagua. Jay na mtayarishaji wake, Majani wa studio ya Bongo Records, walijua kwamba wana nafasi fulani tu, na kila wimbo ulioingia ulikuwa umemtoa mwenzake.

Mtu wa Playlisti

Na wa bibi yake mwenzetu ulitolewa na nani? Tusisifu ufinyu kwa sababu tulikuwa vijana.

Mzee wa Upande B

Hapo umenifunga mdomo.

Dada wa Buruburu

Bibi yupo?

Mtoto wa Pangani

Alifariki 2009. Ubeti nilimsomea, dada, kama mtu anayesoma barua, bila mdundo, siku moja tukiwa tunafua nazi uani. Alisikiliza hadi jina lake, akauliza kama watu wa Dar es Salaam nao wamelisikia. Nikasema ndiyo. Huo ndio uongo wangu kwake, na sijawahi kuukiri hadi leo.

Mzee wa mada, nisamehe kwa kuiteka. Kama bado unahesabu kura, mimi yangu kwa mwaka 2001 ni Machozi, Jasho na Damu, kwa sababu ndiyo iliyotufanya watatu sisi tuamini kwamba mtu anaweza kukaa na Kiswahili chake kilekile cha nyumbani akatoa kitabu kizima kwa mdomo.

Temeke Mwisho

Kura yake ihesabiwe mara mbili. Nimeshindwa, ila Nature ni mchanaji.

Fundi Redio

Ndugu wa Pangani, ile kanda unayo?

Mtoto wa Pangani

Ninayo, imo kwenye mkebe wa biskuti pamoja na ile karatasi ya Kiingereza. Redio ya kuichezea ndiyo sina.

Fundi Redio

Mimi niko Muheza na redio ninayo. Mpira wake wa kuzungushia umelegea, kwa hiyo mtasikika wazito kidogo, kama wale wa kaka yake dada wa Buruburu. Njoo Jumamosi, na hiyo karatasi uje nayo, mke wangu anasoma Kiingereza.