Ulinganisho: Köln, Praha au Bern kwa mechi ya hoki ya barafu?

Mwanapwani_Ulaya
Wakuu, salaam. Nataka kwenda kuangalia hoki ya barafu kwenye ukumbi mkubwa wa maana. Nimebakiwa na Köln, Praha na Bern. Tiketi nakata wiki hii. Nichague upi?

Mtu_wa_Deutz
Mkuu, unatokea wapi? Lini? Peke yako au na familia? Ila kama yote sawa kwako, njoo Köln. Lanxess Arena inaingiza zaidi ya watu 18,000 siku ya hoki, na ukishuka stesheni ya Köln Messe/Deutz unatembea kwa miguu tu. Subiri Kölner Haie, timu ya hapa, wafunge bao ndipo utanielewa.

BintiMvita
Praha. O2 Arena ilifunguliwa 2004 kwa ajili ya mashindano ya dunia. Yaliporudi Ucheki 2024, Praha na Ostrava kwa pamoja ziliingiza watazamaji 797,727, rekodi ya mashindano hayo, na wenyeji wakabeba kombe. Wacheki hoki wanaijua bwana.

Kaka_Mkubwa
O2 si iko London?

BintiMvita
Hiyo nyingine, kaka, ni jina la kampuni ya simu tu. Ya London nayo NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, walifungulia msimu pale 2007, lakini haina timu yake.

Njiwa_Bern
Hizo kumbi zenu ni za wanamuziki. Leo mechi, kesho barafu imefunikwa mbao mtu anaimba. Ukumbi wa Bern ni nyumba ya timu ya SC Bern: watu 17,031, na zaidi ya nusu wamesimama kwenye jukwaa moja lenye mwinuko wa kutisha. Miaka mingi mfululizo waliongoza Ulaya nzima kwa wastani wa watazamaji.

MamaKigamboni
Tahadhari kwenu, ukumbi siutaji. Tulitoka kwenye treni moja kwa moja tukiwa na begi la mgongoni, la kawaida kabisa. Mlangoni kijana akatoa karatasi ya A4, akalipima, akasema halipiti. Kwenye tiketi hawakuandika neno! Pa kuhifadhia palikuwa pamejaa. Tukarudi stesheni, makabati yote yameshachukuliwa. Mume wangu akabaki nje na begi, mimi na watoto tukaingia kipindi cha pili kati ya vitatu kikikaribia kuisha, halafu tukabadilishana zamu. Yeye akaona dakika chache tu, akatoka amenuna hadi nyumbani. Kila ukumbi someni masharti ya mabegi kwanza.

Njiwa_Bern
Pole shemeji. Mwanapwani, tarehe?

Mwanapwani_Ulaya
Samahani, nilikuwa kazini. Natokea Frankfurt, kati ya tarehe 26 na 31 Desemba. Nina watoto wawili na mama mzazi, magoti yanamsumbua.

Mtu_wa_Deutz
Sasa hilo ndilo la kuanza nalo! Magoti halafu jukwaa la kusimama?

Njiwa_Bern
Viti vipo pia. Ila kweli, siku hizo ligi ya Uswisi husimama. Kuna Kombe la Spengler, Davos, linachezwa tangu 1923. Mpeleke bibi akaone theluji.

Mtu_wa_Deutz
Milimani, na magoti yale? Ujerumani ligi haisimami Krismasi. Kutoka Frankfurt treni ya kasi ni saa moja na kidogo. Mvalishe mama soksi nzito, baridi inapandia miguuni.

Fundi_Mitambo
Mnabishana vidogo. SKA Arena ya St. Petersburg, iliyofunguliwa 2023, inapita 21,000.

BintiMvita
Na viza utampa wewe?

Kaka_Mkubwa
Manchester, 1997, mechi ya Manchester Storm na Sheffield Steelers iliingiza watu 17,245. Uingereza hiyo! Halafu leo watu wanashangaa Mwafrika kupenda hoki.

MamaKigamboni
Kwani nyumbani haipo? Nairobi kuna timu ya Kenya Ice Lions, na Kenya iliingia shirikisho la dunia 2024.

Kaka_Mkubwa
Acha! Wanachukua na watoto? Wangu ana miaka tisa, anashinda kwenye viatu vya magurudumu.