Mjadala: Eti karate shuleni itawavuruga mabinti homoni?

Mzazi, Sakina:
Wadau, kwenye kikao cha wazazi hapa Arusha safari hii kilichowasha moto si ada, ni karate. Uongozi unataka iwe kipindi cha lazima kuanzia kidato cha kwanza, wavulana kwa wasichana. Mzee mmoja akasimama: mazoezi hayo yanapandisha homoni za kiume, mabinti wataota ndevu na kukosa uzazi. Nusu ya ukumbi ikapiga makofi. Kura inakuja, kwa hiyo tulete hoja.

Mimi naunga mkono, ila kwa masharti. Testosteroni, hiyo homoni ya kiume anayoisema mzee, wanawake wanayo pia, inatoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ya mwanaume mzima huizidi kwa zaidi ya mara 10. Ukifanya mazoezi makali inaweza kupanda kidogo, halafu baada ya saa moja hivi imerudi ilikokuwa. Kidevu hakitaota kitu hapo. Inayopanda kweli ni adrenalini, na kotisoli nayo, yaani homoni za msisimko na msongo, hasa siku ya mashindano: huanza kupanda mtu akiwa bado kwenye benchi anasubiri kuitwa. Ndiyo kazi yake, kuutolea mwili sukari ya kutumia. Na baada ya mazoezi misuli huisikia vizuri zaidi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hata kesho yake. Kwa mji huu wa nyama choma na soda, hiyo pekee ingetosha kunishawishi.

Chalii wa Kijenge:
Mkuu, umeruka ukorofi. Akishinda pambano si anapandwa na homoni, anakuja kututesa mtaani?

Mzazi, Sakina:
Tafiti za wanajudo na wanamieleka zinakinzana: wengine wakishinda testosteroni inapanda, wengine wala. Ukorofi wa mtaani mimi namuuliza mwalimu kwanza kabla ya kuuliza damu.

Nesi, Moshi:
Mzee wenu msimcheke sana. Kuna kitu amekiona, ila amekishika mkiani. Mabinti wanaofanya mazoezi makali kweli wapo wanaokosa hedhi, na chanzo ni sahani. Mwili ukitumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopata, ubongo hupunguza ishara kwa ovari, estrojeni, homoni ya kike, inashuka, mifupa inadhoofika. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii mwaka 2014. Nimekutana na binti mmoja, konzi zimeota sugu kwa pushapu za ngumi kwenye saruji, mchana anakunywa chai kavu ili asizidi uzito wa kundi lake. Namuuliza hedhi, ananijibu, "Afadhali imekata, haina usumbufu." Wavulana nao wakijinyima hivyo testosteroni yao hushuka. Kinyume kabisa cha anachoogopa mzee.

Mama Njiro:
Kwa hiyo dada, nimruhusu wangu au nisimruhusu?

Nesi, Moshi:
Mruhusu, mama yangu. Ale kabla na baada, na hedhi ikipotea miezi mitatu mlete kliniki, msisubiri mashindano yaishe.

Mzazi, Sakina:
Ndiyo masharti yangu hayo. Uji na mayai viingie kwenye bajeti ya karate, na mtoto asipimwe uzito mbele ya wenzake. La tatu ni muda. Ratiba iliyopendekezwa inaisha saa 3 usiku, na hawa wa bweni huamka saa 10 alfajiri. Unatoka kupigana moyo unadunda, usingizi utaupata saa ngapi? Na homoni ya ukuaji humwagika zaidi kwenye usingizi mzito. Kama kuna mtu anataka kulinda homoni za watoto, aanze na hiyo ratiba.

Mwalimu wa karate:
Chakula naafiki, mizani naweka ofisini. Usiku hatukuuchagua, ukumbi ndipo unapokuwa wazi.

Mama Njiro:
Jumamosi asubuhi je?

Mwalimu wa karate:
Jumamosi asubuhi kuna kwaya. Kama humu yupo anayemfahamu mwenyekiti wao, aniunganishe naye kabla ya kura.