Mubirizi, majani ya kuchoma na vidonge vya tansiyo vya mama: naomba ushauri

Binti wa Kadutu aliandika:

Wapendwa, salamu kutoka Bukavu. Naomba mnisome mpaka mwisho. Jambo lenyewe ni refu kidogo, na mama yangu ni mmoja.

Kila mwaka mvua za Septemba zikianza kulainisha udongo, mama anatoka. Ana miaka 67. Anabeba kitunga, kisu kidogo na kipande cha kitenge cha kufunga mkono, anapanda kwa ndugu zake Kabare. Jioni anarudi na aina tatu: machipukizi ya mubirizi, ule mti mdogo wa majani machungu, kashisha changa (ile inayonata kwenye nguo) ambayo haijatoa ua, na yale majani ya kuchoma, yanayowasha ngozi, ambayo majirani zetu wa Rwanda wanayaita igisura.

Tangu utoto wangu juma hilo lina harufu yake nyumbani. Mama anaosha mubirizi mara moja, anaweka maji kwenye beseni, anaanza kuyafikicha majani kwa viganja viwili kama anayefua shati. Maji yanageuka kijani, halafu povu linapanda kama la sabuni kabisa, mpaka linafika kwenye vifundo vya mikono. Anachuja kwa kitambaa na kila mtu anapewa robo gobele, yaani robo kikombe, asubuhi kabla ya chai. Uchungu wake haupiti na mate. Unakaa kwenye shina la ulimi mpaka saa nne. Sisi watoto tulikuwa tunapewa kipande cha muwa baada ya kumeza, na nilikuwa nautazama ule muwa tangu povu linaanza. Kashisha anaichemsha kama chai. Majani ya kuchoma anayapika jioni kwa mawese na sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, tunakula na bugali. Mama anasema kiangazi kinaacha mwili mzito na hayo majani yanauamsha. Na mimi kweli huwa nasikia wepesi juma hilo, siwezi kusema uongo.

Sasa shida. Mdogo wangu yuko Liège, Ubelgiji. Huko mwezi wa nne, baridi ikiisha, watu wanachuma majani ya porini vilevile, wanayaita dawa ya kuamsha mwili. Jirani yake, bibi mzee, alimfundisha. Mwaka huu akamtumia mama vifurushi viwili vya majani makavu: yale ya kuchoma ya kwao, na mengine yanaitwa pissenlit. Mama akafurahi sana, akaona watoto wa Ulaya nao wanajua anachojua yeye. Akaanza kuchanganya vyote, vya Kabare na vya Liège, termosi nzima kwa siku.

Lakini mwaka jana mama alipatikana na tansiyo, yaani shinikizo la damu. Alipewa vidonge viwili, amlodipine na kingine cha kukojolesha. Septemba hii aliviacha bila kuniambia. Nilipomwuliza akajibu: «Majani na vidonge havilali tumbo moja.» Siku ya tisa akashikwa na kichwa upande wa kisogo, akawa anapepesuka akisimama. Nikampeleka kituo cha afya, mashine ikaonyesha 18 kwa 11, yaani 180 kwa 110. Muuguzi aliyetupokea akamkaripia mbele ya watu kwa ajili ya «majani ya kishenzi». Mama hakulia, ila njia nzima mpaka nyumbani hakusema neno. Hilo liliniuma kuliko ile 18.

Naomba kujua: kuna namna ya kubaki na majani yake bila kumwua? Na ule mchanganyiko wa Liège unafanya nini na vidonge? Sitaki kumwambia aache kila kitu. Yale majani ndiyo yanampandisha Kabare kwa miguu kila mwaka, na ndiyo aliyonilea nayo.

Mzee wa Mudaka alijibu:

Binti yangu, mpe mama pole. Mtu hakaripiwi kwa kitu alichofundishwa na mama yake.

Mimi nalima, sitibu watu, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono. Majani ya kuchoma yachumwe machanga, yale manne au sita ya juu tu, kabla hayajatoa maua. Yakizeeka yanajaza chembe ngumu kama chokaa ndani yake, na wanasema hizo zinasumbua figo. Shika jani mbele ya jua la asubuhi utaona vinywele vimesimama: ncha yake ni ngumu kama kioo, ikigusa ngozi inavunjika na kumimina sumu yake ndogo kama sindano. Ukiyachemsha dakika mbili tatu, au yakikauka vizuri kivulini na ukayavunjavunja, kuchoma kunaisha. Hata sokwe wakubwa wa Virunga, wale gorila, wanayala. Wanayakunja kwanza wakaingiza mdomoni.

La muhimu zaidi: mama achume kule kule Kabare, asije akapunguza safari akachuma mjini. Mmea huu unapenda udongo wenye mbolea nyingi, ndiyo maana unanenepa sana kwenye jalala, nyuma ya vyoo, na kwenye kingo za mto Kawa. Unaonekana mzuri kweli, kijani cha kuvutia, lakini usiguse. Kwenye hayo majalala humea na datura, ile yenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba. Ikiwa changa, mtu mwenye haraka anaweza kuichuma pamoja na mboga. Akiila mdomo unakauka, mboni za macho zinapanuka, anaanza kusema na watu wasiokuwepo. Huyo hakuna cha kumnywesha maziwa nyumbani, ni kumkimbiza hospitali.

Kuhusu mubirizi, nchi hii yote ya maziwa inaujua. Hata sokwe wadogo, wale shimpanzi, wa Mahale, ng'ambo ya Tanganyika, wanautumia. Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wa kabila la Watongwe aliyefanya kazi katika hifadhi ile, pamoja na mtafiti Michael Huffman, walimwona sokwe jike mgonjwa akimenya shina lake, akitafuna ule moyo wa ndani, akinyonya maji na kutema nyuzi. Wakaandika habari hiyo mwaka 1989. Angalia lakini: majani aliyaacha. Majani ndiyo yenye ukali mwingi. Robo gobele ya mama yako ni kipimo cha wazee, nakiheshimu. Termosi nzima hakuna mzee aliyeifundisha.

Mdogo mtu, Liège alijibu:

Yaya, dada yangu mkubwa, mimi ndiye niliyetuma vile vifurushi. Hukuniambia habari ya siku tisa. Nimesoma hapa nikatetemeka. Sikujua kama mama ana kidonge cha kukojolesha, nilijua kile kimoja tu.

Niseme nilichojifunza kwa bibi jirani, maana hapa ndipo nilipokosea. Zamani huku, baridi ikiingia, shambani hakubaki kitu kibichi. Watu walikaa miezi kwa mkate, viazi vikuukuu na nyama ya chumvi. Ikifika Machi wengine fizi zinatoka damu, miguu inauma, hawana nguvu, kwa sababu vitamini C imekwisha mwilini. Halafu theluji inayeyuka, na vitu vya kwanza kutoka ardhini ni haya magugu: majani ya kuchoma, pissenlit, na yale mengine yanayonata kwenye nguo kama kashisha yetu. Mtu akila hayo siku chache, anapona kweli. Kwao ilikuwa dawa kwa sababu ya njaa ile.

Lakini mama hajatoka kwenye baridi yoyote. Hapo Kadutu lengalenga iko sokoni mwaka mzima, Agosti inapanda bei tu. Mimi nilituma dawa ya njaa ambayo mama hana.

Na lile jina lenyewe lingenionya. Pissenlit kwa Kifaransa ni «kojoa kitandani». Majani yake yanakojolesha, na watu wa huku wanalijua hilo tangu zamani. Yaya, vitoe vile vifurushi leo. Mwambie mama ni mimi nimesema. Nitampigia jioni.

Muuguzi wa Bagira alijibu:

Dada, kwanza naomba msamaha kwa niaba ya kazi yetu. Mgonjwa akishaaibishwa kwa ajili ya majani, mara nyingine anayaficha, na sisi tunatibu gizani.

Kupepesuka kwa mama nakuona hivi. Alipoacha vidonge damu ilipanda. Juu yake termosi nzima ya pissenlit na majani ya kuchoma inatoa maji mwilini. Na kama siku fulani fulani alikuwa anameza kile cha kukojolesha kwa siri (wengi wanafanya hivyo), basi ni vitu viwili vinavyovuta maji upande mmoja: chumvi za mwili zinavurugika, potasiamu hasa, na mtu mzima wa miaka 67 anaanguka akisimama usiku. Aanze vidonge tena kama alivyoandikiwa, kila siku saa ileile, asiongeze dozi ili kufidia zile siku tisa. Mkirudi kupima, ombeni na kipimo cha damu cha figo na potasiamu.

Majani ya kuchoma yaliyopikwa kama mboga, sahani moja na bugali, mimi siyakatazi kwa hali yake. Yana chuma na kalisi, ni chakula kizuri. Chumvi ndiyo muiangalie, na sambaza zikiwa kavu za chumvi mziloweke. Robo gobele ya mubirizi, mngojee tansiyo itulie kwanza, halafu mwulize daktari wake mkiwa na majani yenyewe mkononi.

Kwa wengine wanaosoma hapa: mwenye kisukari anayemeza dawa, mubirizi unaweza kushusha sukari juu ya dawa, ajihadhari sana. Mwenye kumeza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, majani ya kuchoma yana vitamini K nyingi, yanapingana nayo. Mama mjamzito asinywe mubirizi. Na homa ikishika, chochote mnachokunywa nyumbani, kidole kichomwe kipimo cha malaria siku hiyohiyo.

Binti wa Kadutu aliandika:

Asanteni wote. Mzee, maneno yako ya kwanza nilimsomea mama kwa sauti, akaniambia nirudie.

Mdogo wangu alipiga jana jioni. Walisema kwa Mashi, lugha yetu, muda mrefu, mimi nikiwa jikoni. Mama alipomaliza alileta vile vifurushi mwenyewe, akavimwaga kwenye mfereji, karatasi akaikunja akaiweka kwenye Biblia kwa sababu ina maandishi ya mkono wa binti yake.

Kuhusu vidonge tulibishana kidogo. Nilimwuliza: zamani, mubirizi ulinywewa saa ngapi? Asubuhi kabla ya chai. Na mboga? Jioni. Nikamwambia basi hata majani yenyewe yalikuwa yanapeana zamu. Akanyamaza. Leo asubuhi nimemkuta na gobele lake lilelile la bati, lina maji matupu, na vidonge viwili kwenye kiganja. Ameniambia nisimtazame akimeza, nimegeuka.

Juma lijalo tunarudi kupimwa, kituo kingine. Nitaomba kile kipimo cha figo. Jioni hii tuna majani ya kuchoma ya Kabare, machanga, sambaza nimeloweka tangu saa nane.