Fomu ya vishikwambi Gredi ya 5: je, mzazi anaweza kukataa?

Kutoka: Mama Zaituni, Malindi

Assalamu alaykum, ndugu zangu.

Shule binafsi anayosoma binti yangu hapa Malindi imetuletea fomu ya ukurasa mmoja inayosema kwamba kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi wa Gredi ya 5 atakuja na kishikwambi chake, kwamba kazi zote za nyumbani zitatumwa na kurudishwa kupitia programu ya shule, na kwamba mzazi anaridhia picha na rekodi za mtoto zihifadhiwe humo. Sahihi ni moja kwa mambo yote matatu. Nilipomuuliza karani kama naweza kukubali moja na kukataa mengine, alinijibu kwamba fomu haina nafasi ya maelezo na kwamba asiyetia sahihi hatapewa ratiba. Nilikwenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo nikaulizwa UPI ya mtoto, yaani namba ya utambulisho ya mwanafunzi, naye hana UPI kwa kuwa cheti chake cha kuzaliwa ni cha Uingereza. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia habari ya vishikwambi.

Wengi wenu mnajua kwamba mojawapo ya sababu zilizoturudisha nyumbani kutoka Uingereza ni hii ya mtoto kushinda mbele ya skrini darasani na kuikuta tena nyumbani. Majaribio ya mpango huu yameshaanza, na juzi kazi ilikuwa kupiga picha mche wa kunde ulioota ndani ya kopo na kuipakia. Mche ulikuwapo na picha ilipigwa, lakini bando liliisha, kisha stima ikapotea, na mtoto akakaa hadi saa nne za usiku akikitazama kile kiduara kinachozunguka, huku akilia kwamba mwalimu atamwandika kuwa hakufanya kazi. Je, kuna fomu, barua au kifungu chochote kinachomruhusu mzazi kukataa kishikwambi bila mtoto kupoteza nafasi yake?

Kutoka: Baba Feisal, Malmö

Wa alaykumu ssalam, dada yangu. Pole sana.

Waambie wakuu wa shule hiyo kwamba wanakokwenda wao, wenzao wanatoka. Hapa Uswidi, ambako skrini zilikwisha kuingia hadi shule za chekechea, Skolverket, yaani idara ya taifa ya shule, walipendekeza mkakati mpya wa kidijitali, na Taasisi ya Karolinska, chuo kikuu cha tiba, ilipotakiwa kutoa maoni ilisema wazi kwamba faida zilizodaiwa hazikuegemezwa juu ya utafiti. Lotta Edholm, aliyekuwa waziri wa shule, aliuweka mkakati huo kando mwaka 2023, na serikali ikatenga kronor milioni 685 mwaka huo kwa vitabu vya kiada na wafanyakazi wa maktaba za shule, na kupanga milioni 500 kwa kila mwaka wa 2024 na 2025. Mwanangu, ambaye hesabu alikuwa akizisoma kwa viungo vya intaneti vilivyotumwa kila Jumatatu, sasa ana kitabu chenye jalada gumu, na mimi kwa mara ya kwanza ninaweza kufungua ukurasa wa nyuma nikaona alikwama wapi.

Nimsikiapo akisoma kwa sauti mezani hukumbuka chuo chetu cha Kurani pale Langoni, kalamu za tete na wino tuliouosha ubaoni baada ya kuhifadhi. Hakuna aliyetuuliza nywila.

Kutoka: Binti Siyu, Leicester

Kaka, kwa heshima zote, umejibu swali ambalo dada hakuliuliza. Fedha za vitabu Uswidi si haki ya mzazi ya kukataa kifaa, na sidhani kama rektor wenu, yaani mwalimu mkuu, angekuruhusu ukatae.

Ninaomba pia tuache kuchanganya mambo mawili, maana kila mwaka mjadala huu unapozuka humu hutokea hivyo hivyo. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2018 inahusu simu. Mwongozo wa DfE, wizara ya elimu, wa Februari 2024 hapa Uingereza unahusu simu. Uholanzi kuanzia Januari 2024 waliondoa simu madarasani pamoja na vishikwambi na saa janja, lakini wakaacha mlango wazi kwa kifaa kinachohitajika katika somo lenyewe. Kwa hiyo serikali hizi zote zinamnyang'anya mtoto skrini aliyokuja nayo mfukoni, na shule hiyo hiyo inaweza kumkabidhi nyingine asubuhi ile ile. Kijana wangu akiwa Year 4 alifanya MTC, yaani mtihani wa jedwali la kuzidisha, maswali 25 kwa sekunde 6 kila moja, na mtihani huo hufanywa kwenye skrini. Nilipoandika kuomba afanye kwa karatasi nilijibiwa kwa ukarimu mwingi na sikupewa karatasi. Mazoezi ya mtihani huo ndiyo yaliyotuletea programu nyumbani, na mtihani ulipokwisha programu haikuondoka.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Lamu

Wanangu, salaam kutoka Mkomani.

Kabla ya kwenda Uswidi, tukumbuke ya kwetu. Mwaka 2013 tuliahidiwa katika kampeni kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapata laptopu. Ahadi ilipofika shuleni mwaka 2016 ilikuwa imekuwa vishikwambi, pamoja na projekta, kompyuta za walimu na kisanduku cha kuhifadhia masomo ili mtoto asome hata bila intaneti. Katika shule moja ya visiwani niliyofundisha viliwekwa katika kabati la chuma lenye kufuli, kwa sababu mwalimu mkuu aliogopa kuulizwa kimoja kikipotea, na kwa kuwa umeme ulikuwa wa kubahatisha, vilipotolewa kwa ajili ya wageni kutoka wizarani nusu yake havikuwaka. Watoto wale walifundishwa kusoma kwa chaki, na walisoma. Sisemi hivyo kuwasifu waliotupangia. Nasema kwamba nchi hii haijawahi kumuuliza mzazi kama anataka au hataki, ndiyo maana karani wako hana nafasi ya maelezo kwenye fomu yake.

Sasa, mwanangu Mama Zaituni: usije ukaandikia BOM, yaani bodi ya usimamizi wa shule, kwa sababu BOM ni ya shule za umma. Mwandikie mwalimu mkuu, na nakala umpelekee QASO, afisa wa ubora na viwango vya elimu, wa kaunti ndogo na Bodi ya Elimu ya Kaunti, ambayo ndiyo inayosajili shule binafsi. Kuhusu picha na rekodi, taja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, kinachotaka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 mwaka 2023 kwa kutumia picha za watoto bila idhini hiyo, na wenye shule binafsi wanaikumbuka vizuri kuliko waraka wowote wa wizara.

Kutoka: Mama Khulthum, Minneapolis

Naona wote mnasukuma upande mmoja, basi mimi nitasukuma wa pili. Kijana wangu ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi. Katika IEP yake, yaani mpango rasmi wa msaada wake shuleni, imeandikwa kwamba kompyuta ya shule itamsomea maandishi kwa sauti na kwamba ataruhusiwa kujibu kwa kuongea, na kupata mistari hiyo miwili nilikalishwa vikao hadi nikawajua kwa majina wasaidizi wote wa ofisi. Leo nikisikia mtu akisema skrini zote zitolewe, mimi huuliza wa kwangu atasoma kwa nini.

Hata PISA 2022, tathmini ya kimataifa ya wanafunzi inayoendeshwa na OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, haisemi mnayosema. Ni kweli kwamba asilimia 65 ya wanafunzi wa nchi za OECD walisema vifaa huwavuruga angalau katika baadhi ya vipindi vya hisabati, lakini waliotumia vifaa kwa kujifunza hadi saa moja kwa siku shuleni walipata wastani wa pointi 14 zaidi ya wasiovitumia kabisa, hata baada ya kuzingatia hali ya kiuchumi ya familia. Kinachodhuru ni saa nyingi na kuchezea. Hapa Minnesota sheria ilizitaka shule ziwe na kanuni ya simu kufikia tarehe 15 Machi 2025. Simu za shule yetu zimo katika kabati tangu asubuhi, na hilo ninaliunga mkono.

Kutoka: Baba Feisal, Malmö

Dada Khulthum, hakuna aliyesema mtoto wako anyang'anywe msaada wake. Na hizo pointi 14 usizishike kama msahafu, kwa kuwa shule inayoweza kupanga saa moja ya kifaa ikaishia hapo mara nyingi ni shule iliyopangika katika mengine pia. Anayelia saa nne za usiku Malindi hayumo katika saa hiyo moja.

Kutoka: Mama Zaituni, Malindi

Ahsanteni nyote. Dada Khulthum, kifaa kinachokaa darasani kwa saa moja ningekikubali leo. Kinachonishinda ni kile ninachotakiwa kukinunua mwenyewe, kukijazia bando na kukilinda usiku. Mwalimu, barua nimeiandika kama ulivyoelekeza na ninaipeleka Jumatatu. Sehemu ya picha ina kifungu. Sehemu ya kishikwambi nimeiandika kwa maneno ya kuomba tu, kwa sababu sikupata cha kukitegemea.

Kutoka: Binti Siyu, Leicester

Usiishie kifungu cha 33, dada. Ongeza cha 32, kinachohusu masharti ya idhini, kwa sababu hicho ndicho kinachotaka iangaliwe kama idhini imefanywa sharti la kupata huduma isiyoihitaji. Sahihi moja kwa mambo matatu inagusa hapo hasa. Mwalimu angekitaja tangu mwanzo.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Lamu

Mwalimu alikuwa na simu yenye chaji ya asilimia nne, Binti Siyu. Kifungu kidogo ni cha 32(4). Na nakala ya barua ipigiwe mhuri wa kupokelewa, maana bila mhuri watasema haikufika.