Mepo (maple) wa Kijapani wenye majani kama lesi, nichukue upi? Uwanja wenyewe mdogo

BintiPangani
Habari za jioni wapendwa. Niko Portland huku Oregon, mwaka wa sita sasa, na mwaka juzi Mungu alijalia tukapata nyumba yenye kauwanja mbele. Toka nimefika nchi hii naiona ile miti mifupi myekundu iliyoinamisha matawi mpaka chini kama mtu anaosha nywele, majani yamechanika membamba kama lesi, nikajiapiza siku nikipata kwangu lazima niwe nao. Jumamosi nikaenda kitaluni, mama wa pale akanimwagia majina ya aina zake mpaka kichwa kikagoma, Crimson Queen, Tamukeyama, Inaba Shidare, Viridis, Seiryu. Crimson Queen dola 160, Seiryu dola 140.

Sehemu yenyewe iko pembeni ya njia ya kuingilia mlangoni, upana kama mita mbili na nusu hivi, inatazama magharibi, jua la alasiri linapiga pale mpaka ukuta huwezi kugusa. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa anapanda nyanya hapo, na mimi mwaka jana nikajaribu zikanyauka, tawi la upande mmoja kwanza halafu mche mzima, nikang'oa zote. Mume wangu anasema panda waridi yaishe. Nisaidieni.

Mzee wa Koleo
Dada karibu, huu ugonjwa hauna dawa, mimi niko Seattle nilianza na mmoja sasa ninayo tisa.

Rangi iache kwanza, angalia umbo. Hao karibu wote uliotajiwa hawapandi juu, wanatanuka. Crimson Queen wangu una miaka 12, urefu unanifika kifuani lakini upana umepita mita mbili, na bado unaenda. Sasa wewe ukiuweka pembeni ya njia ya mita mbili na nusu, mgeni akija itabidi apite kiubavu, na utaanza kuukata upande mmoja uonekane kama kichwa kilichonyolewa nusu. Seiryu ndio tofauti, una majani yale yale ya lesi ila unasimama kama mti wa kawaida, unapita urefu wa mtu vizuri tu, kijani, vuli unageuka dhahabu na chungwa. Na ukiona neno shidare kwenye jina ujue ni Kijapani, maana yake wa kuning'inia.

Jua la alasiri hapana. Asubuhi sawa, mchana kivuli. Mnakumbuka Juni 28, 2021 hapo kwenu Portland ilifika nyuzi 116 za Farenhaiti, yaani karibu 47 za kwetu? Huku hatukufika huko lakini wa kwangu uliokuwa magharibi majani yalikauka ncha zote kwa siku mbili, yakawa kama tumbaku. Haukufa, ila mwaka ule haukuwa wa kutazamwa. Lakini pia usiufiche kwenye kiza kabisa, myekundu ikikosa jua inafifia inakuwa kijani chafu.

Halafu nimerudia kusoma hapo kwenye nyanya. Kunyauka upande mmoja kwanza hivyo inaweza kuwa fangasi wa mnyauko anayekaa ardhini, na yule yule anaua mepo, tena anakaa kwenye udongo miaka na miaka. Mimi hapo nisingepanda hata kwa kulipwa. Na mwambie shemeji hata waridi anazishika.

kaka_mkavu
Dola 160 kwa mti unaonifika kiunoni?? Hiyo hela Lushoto napata miche ya parachichi ya kubebesha ya kujaza pikap

Mzee wa Koleo
@kaka_mkavu nayo ni ya kubebesha hiyo hiyo. Ukipanda mbegu yake hupati mti kama mama, kwa hiyo kila mmoja mtu kakaa na kisu akaubebesha kwenye mche wa mepo wa kawaida, na wenyewe unakua polepole. Ndio maana BintiPangani ukinunua angalia pale palipobebeshwa, utaona kama kigoti kwenye shina. Ikitokea tawi chini ya hapo lenye majani mapana ya kijani likate mapema, ni shina la chini linataka kurudisha nyumba yake. Jirani yangu aliliachia akidhani mti umechangamka, baada ya miaka minne wekundu wote umemezwa.

Mama Zuhura
Mwenzangu mimi niko Leicester, sina uwanja nina baraza la saruji tu, wangu Inaba Shidare uko kwenye chungu mwaka wa saba. Chungu kiwe na matundu maana mizizi ikikaa kwenye maji inaoza, na kiangazi usisahau kumwagilia, mimi nilisafiri wiki mbili kwenda harusi Mombasa nikarudi nikalia. Ukiwa na chungu huo udongo wa nyanya haukuhusu, alimradi hukiweki juu yake mizizi ikatokea kwenye matundu ikashuka. Na upepo pia unachana majani ati, sio jua peke yake.

MtuWaLimuru
Na sisi wa Limuru? Huku baridi iko, Julai unavaa koti mbili. Niliagiza mbegu mtandaoni za mepo wa bluu, zikaota tatu, nilipoangalia vizuri ni magugu.

Mzee wa Koleo
Pole sana, mepo wa bluu hakuna duniani, hizo picha zimepakwa rangi. Baridi ya Limuru ni ya koti, mti huu unataka miezi ya baridi kali upukutishe majani ulale kabisa. Usipolala unachoka. Kama unapenda majani ya lesi hapo unao mgrivea kwenye kila ua, tatizo umeuzoea.

BintiPangani
Wapendwa nimerudi. Tumehamia upande wa mashariki wa nyumba, hapajawahi kulimwa kitu, na nimechukua Tamukeyama, yule mama kasema unavumilia joto kuliko wenzake. Nilienda ile bustani ya Kijapani ya hapa kwanza, kuna mepo mmoja watu wanapanga foleni na kamera, wanalala chini kabisa kupiga picha matawi kwa ndani. Nami nikalala, na gauni langu. Kumbe chini ya majani shina lote limejisokota kama nyoka, ukisimama huoni kitu.

Tumeupanda jana kwenye mvua, hauna hata jani. Mume kauzunguka mara mbili akaniuliza risiti iko wapi. Swali moja: ile fimbo ya mwanzi waliyoufungia niitoe?

Mzee wa Koleo
Iache mwaka mmoja ila legeza kamba, isije ikakata gome. Matandazo weka, yasiguse shina.